Asha wa Nani?

Hapa Hamburg, mtu akisikia jina la mwanangu kwa mara ya kwanza huuliza lina maana gani. Daktari wa watoto aliuliza. Jirani wa ghorofa ya pili aliuliza. Mama mmoja tuliyekaa naye penye bembea za watoto aliuliza kabla hatujaambiana tunatoka wapi. Wanauliza kwa nia njema na wanataka jibu fupi: ua, nyota, alfajiri. Tanga, alikozaliwa baba yake, sijasikia mtu akiuliza hivyo. Huko jina la mtoto likishatajwa, wazee huuliza: ni wa nani? Yaani karithi jina la nani, wajina wake yu hai au ametangulia, na kama yu hai, habari zimemfikia?

Mwanangu anaitwa Asha. Ni jina la mama mkwe wangu, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, na kwa malezi niliyopata mimi jina la mkwe halitamkwi. Unamwita Mama, au unamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Jina lake mwenyewe ni la waliomzaa na la rika lake. Kabla ya kuandika makala hii nilimpigia simu kumwomba ruhusa. Alinijibu kwamba kuandika si kutamka, niandike nitakavyo, mradi nisisahau kusema kuwa yeye naye alirithi. Wajina wake alikuwa shangazi wa baba yake, mwanamke aliyekuwa akisuka ukili na kuuza mikeka, akafariki yeye akiwa bado mchanga. Hiyo ndiyo habari aliyotaka iwemo. Maana ya jina hakuigusa kabisa.

Kwa hiyo nyumba yetu ina mtoto mmoja mwenye majina matatu. Baba yake humwita Mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yake mzazi, na hata akimgombeza humgombeza kwa sauti ya chini, maana ni vigumu kumfokea mtu unayemwita Mama. Mimi humwita Bibi. Chekechea wanamwita Asha. Siku za mwanzo nilipokwenda kumchukua nikaita mlangoni, "Bibi, twende nyumbani," darasa zima liligeuka kwa shangwe. Kumbe kwa mtoto wa Kijerumani Bibi ni mtu maarufu: ni Bibi Blocksberg, msichana mchawi anayeruka angani kwa ufagio katika michezo ya kusikiliza iliyoanza kutolewa mwaka 1980, na jina lake kamili ni Brigitte. Walimu wenyewe walikua wakimsikiliza. Kwetu neno mchawi halikai karibu na neno bibi bila kuzua ugomvi, lakini wale watoto walikuwa wanampa mwenzao heshima kubwa kuliko zote walizonazo. Mpaka leo wanaona fahari kuwa na Bibi darasani.

Tanga jina huja na kazi zake. Mtoto akizaliwa kwa familia ya Kiislamu huadhiniwa sikioni, na siku ya saba hunyolewa nywele, hufanyiwa akika, akatangazwa jina. Mtoto wa kike huchinjiwa mbuzi mmoja. Lakini jina lenyewe mara nyingi limeshajulikana, kwa sababu lina foleni. Katika familia ya mume wangu, binti wa kwanza huwa wa upande wa baba, anayefuata wa upande wa mama, na ndugu wakiona zamu imerukwa hawanyamazi. Wakikuyu wa Kenya wana utaratibu wa namna hiyo hiyo, tena uliopangika zaidi: binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, wa pili la mama wa mama, kisha zamu inahamia kwa mashangazi na mama wadogo. Yako majina mengine yanayotokana na siku au hali, kama Mwanajuma, Mwanahamisi, Tabu, Sikujua, Subira. Hata hayo yakipita mkono mmoja tu yanakuwa ya mtu. Tabu wa pili haitwi Tabu kwa sababu ya taabu. Anaitwa Tabu kwa sababu bibi yake alikuwa Tabu.

Na wajina ana haki zake. Ndiye anayeleta hereni za kwanza. Ndiye anayemwita mtoto "somo yangu" badala ya mjukuu wangu. Mtoto akiwa mkaidi, lawama zinakwenda moja kwa moja kwa mwenye jina: hasira hizi kazitoa kwako. Mama mkwe wangu akisikia kwamba Asha wetu amekataa kula, hufurahi kwa sauti, maana naye, anasema, alikuwa hivyo hivyo.

Ujerumani jina ni uamuzi wa wazazi wawili, na mara nyingi ni siri yao mpaka mtoto azaliwe. Mfanyakazi mwenzangu alipokuwa mjamzito alikuwa na orodha kwenye simu. Kila jioni yeye na mwenziwe walikuwa wakiyatamka majina pamoja na jina la ukoo, wakisikiliza kama yanapatana, wakifuta moja na kuongeza jingine. Bibi na babu waliambiwa jina baada ya mtoto kufika. Nilipomsimulia mama mkwe wangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa huyo bibi atamtania mjukuu kwa lipi?" Mtu aliyekulia kwenye utani wa bibi na mjukuu anajua uzito wa swali hilo.

Lakini isidhaniwe kwamba Wajerumani hawarithishani. Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mwanamke aliyepita miaka sabini, ana majina matatu kwenye kitambulisho. La pili ni la mama yake wa ubatizo, la tatu ni la bibi yake mzaa mama. Wenyewe wanaliita lile la kila siku Rufname, jina la kuitiwa, na fomu za zamani zilitaka lipigiwe mstari ili lijulikane. Bibi yake yumo mle ndani ya kitambulisho, ila haitwi. Nilimwuliza kama kuna mtu yeyote duniani aliyewahi kumwita kwa jina hilo la tatu. Alifikiri, akasema hapana, lakini hulitia saini kwenye karatasi muhimu.

Sheria hapa inataka kuzaliwa kwa mtoto kutaarifiwe ndani ya wiki moja, na hospitali ndiyo hupeleka taarifa. Sisi tuliitwa ofisini kwa sababu ya majina ya wazazi. Mtanzania hubeba jina lake, la baba yake na la babu yake, na mwanamke akiolewa haachi la baba yake. Ofisi ya Kijerumani inatafuta jina moja la ukoo ambalo familia nzima italivaa. Hilo lilimalizika kwa babu wa mume wangu kugeuzwa ukoo. Kisha karani akafika kwenye jina la mtoto. Zamani makarani walidai jina lionyeshe wazi kama mtoto ni wa kike au wa kiume. Mwaka 2008 Mahakama ya Katiba, katika shauri la mtoto aliyeitwa Kiran, jina la Kihindi, ilisema sharti hilo halina msingi. Kwa hiyo karani wetu hakuwa akitukagua. Alikuwa na hamu ya kujua tu. Alitazama kwenye kompyuta yake akatuambia kuna Asha wa Kihindi, maana yake tumaini, na Asha wa Kiswahili, maana yake uhai. Sisi ni wepi? Mume wangu akamjibu kwamba ni Asha wa mama yake. Karani akasema hilo linatosha, akaandika.

Swali lake lilinikaa kichwani hata hivyo, na hapo ndipo ugenini uliponipa kitu ambacho Tanga haikunipa. Nyumbani nilijua jina hili linakwenda chini, mtu kwa mtu, mpaka kwa yule msusi wa mikeka. Sikujua limesambaa kiasi gani.

Kwanza, sauti hii imezaliwa mara nyingi, kila mahali kivyake. Asha wa Kihindi anatoka katika Kisanskriti, na maana yake kweli ni tumaini. Ndilo jina la Asha Bhosle, mwimbaji aliyezaliwa mwaka 1933, ambaye sauti yake ilisikika katika kumbi za sinema za pwani yetu miaka yote ya filamu za Kihindi. Kwenye mtaa mmoja wa Tanga wameweza kuishi Asha wawili, mmoja wa familia ya Kihindu na mwingine wa familia ya Kiswahili, wakiitwa na mama zao kwa sauti ile ile bila majina yao kuwa na udugu wowote. Mwimbaji wa Nigeria anayejiita Aṣa amelitoa lake kwenye Kiyoruba, ambako ni ndege, mwewe. Na hapa Hamburg, ambako Wapolandi ni wengi, nilimkuta keshia wa duka la dawa ana kibandiko cha jina kifuani kilichoandikwa Asia. Nikadhani ni bara. Mwenzake akamwita, nikasikia Asha, ila sauti ya katikati laini zaidi. Kwa Wapolandi Asia ni kifupi cha Joanna, jina lililotoka Kiebrania na ambalo kwetu liko kwenye ukoo mmoja na Yohana.

Asha wetu ni wa Kiarabu. Ni Aisha, aliye hai, aishiye. Shina lake ndilo lililotupa ishi na maisha, kwa hiyo maana yake tunaitumia kutwa bila kuifikiria. Lakini jina halikuenea duniani kwa sababu ya maana hiyo. Lilienea kwa sababu ya mtu: Aisha binti Abubakar, mke wa Mtume, aliyefariki Madina mwaka 678 akiwa ameacha hadithi zaidi ya 2,000 zilizopokewa kutoka kwake, mwanamke ambaye masahaba walimwendea kuuliza mambo ya dini. Wanaomheshimu wakawapa binti zao jina lake. Ndiyo maana Iran, nchi ya Kishia, humkuti Aisha kirahisi, ingawa uhai unapendwa huko kama kwingine kote. Swali la wa nani limeamua mpaka hapo.

Pwani yetu ilililainisha. Koo la Kiarabu likaachwa, irabu zikashikana, Aisha akawa Asha. Sehemu za kaskazini akawa Esha au Eshe. Wasomali, majirani zetu, hawakuacha lile koo: wanaandika Caasha, na ile c ndiyo ain yenyewe. Kisha sisi tukamwongezea cheo. Mwana lilikuwa neno la kumwita mwanamke wa heshima, kama tunavyoliona kwa Mwana Kupona wa Pate, aliyemtungia binti yake Mwana Hashima utenzi mwaka 1858. Cheo na jina vikagandana, tukapata Mwanaisha, Mwanaasha, Mwanahawa, Mwanakheri. Leo Mwanaisha yuko darasa la tatu na hakuna anayekumbuka kwamba kila akiitwa anaitwa kwa heshima ya bibi mwenye nyumba.

Afrika Magharibi walifanya kinyume. Walishika hata mkia wa jina ambao Kiarabu cha mazungumzo kimeuacha. Katika Kiarabu fasaha, jina likiwa kiima cha sentensi huishia na sauti tu: Aishatu. Wahausa wanasema Aishatu, na wakifupisha husema Shatu. Senegal na Guinea wanaandika Aïssatou. Waliosoma riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979, ile tunayoijua kwa Kiswahili kama Barua Ndefu Kama Hii, watamkumbuka Aissatou, rafiki anayeandikiwa barua yote. Nilipoisoma shuleni nilimwona Aissatou kama mgeni kabisa, mwanamke wa Dakar mwenye jina la Kifaransa. Miaka mingi baadaye, kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji hapa Ujerumani, dada mmoja wa Guinea aliitwa kwa jina hilo, akaniona nimegeuka na mwanangu mkononi, tukaulizana. Akamchukua Asha akambeba mpaka zamu yangu ilipofika. Kwao pia wajina hambebi wajina wake mikono mitupu. Alimpa pipi zote zilizokuwa kwenye mkoba.

Waturuki ndio ninaoishi nao karibu zaidi. Mkataba wa wafanyakazi kati ya Ujerumani Magharibi na Uturuki ulitiwa saini tarehe 30 Oktoba 1961, na wale waliokuja kufanya kazi viwandani walikuja na akina Ayşe, Fatma, Hatice na Zeynep. Hawa wote tunao: Asha, Fatuma, Hadija, Zainabu. Kituruki kiligeuza a ya mwisho kuwa e na kikaiandika sh kwa ş, s yenye kijimkia. Ile alama ina safari yake hapa: kwenye ukurasa wa pasipoti yumo Ayşe, lakini ile mistari miwili ya chini inayosomwa na mashine haijui herufi yoyote zaidi ya A mpaka Z, kwa hiyo mpakani mwanamke huyu anasomwa Ayse. Wengi hapa wamezoea kusikia hivyo mpaka wanaitikia.

Kwenye duka la Kituruki la Wilhelmsburg, hapa hapa Hamburg, ninakonunua mboga kuna maharage mabichi, marefu, yasiyo na nyuzi, na kibao chake kimeandikwa Ayşekadın. Nilimwuliza mwenye duka. Kadın ni mwanamke, alisema, mama mtu mzima. Haya ndiyo maharage ya Bi Ayşe, na Uturuki nzima huyaita hivyo. Nilisimama pale na mfuko mkononi nikimwaza Mwanaisha. Watu wawili waliotengana kwa bahari na jangwa wamelichukua jina lile lile wakaliunganisha na neno la mama mwenye heshima, mmoja akaliweka mbele na mwingine nyuma. Yale maharage nayapika kwa nazi, na nyumbani kwetu yanaitwa maharage ya Bibi.

Kwingine nitapita haraka. Granada, Hispania, mama wa sultani wa mwisho aliyeukabidhi mji mwaka 1492 anakumbukwa kwa jina la Aixa, kwa sababu Kihispania cha enzi zile kiliandika sauti ya sh kwa x. Sauti ikabadilika, maandishi yakabaki. Indonesia yupo Siti Aisyah, na ile Siti ni Siti yetu, iliyotoka neno moja la Kiarabu la kumwita bibi mkubwa. Waingereza wengi walilijua jina kupitia riwaya ya Rider Haggard ya mwaka 1887, ambayo wasafiri wake wanashukia pwani ya Afrika Mashariki kumtafuta malkia Ayesha. Mwandishi aliweka maelezo chini ya ukurasa kwamba litamkwe Assha. Nashangaa kila nikikumbuka. Miaka ile ile pwani yenyewe ilikuwa imejaa akina Asha wa kweli, wakichota maji, wakifunza watoto Kurani, wakidai haki zao kwa kadhi, na hakuna hata mmoja wao aliyeingia kwenye kitabu.

Marekani ndiko nilikokawia zaidi, kwa sababu ndiko ile orodha ya karani ilikotoka: Asha, Kiswahili, uhai. Kuanzia miaka ya 1960 Wamarekani Weusi walitafuta majina ya Kiafrika kwa watoto wao, na Kiswahili kikawa na nafasi kubwa. Kwanzaa, sikukuu yenye maneno ya Kiswahili tupu, ilianzishwa mwaka 1966. Stevie Wonder alipopata binti mwaka 1975 alimwita Aisha, na mwaka uliofuata akatoa wimbo wa kumshangilia uliosikika dunia nzima. Nilikuwa na kawaida ya kuzichukia zile orodha za majina na maana zake. Zinachukua jina la watu na kulifanya neno la kamusi. Sasa nawaza tofauti kuhusu walioziandika mwanzo. Mtu ambaye babu zake waliuzwa, wakanyang'anywa majina wakapewa ya mabwana zao, ukimwuliza jina hili ni la nani, atamtaja nani? Mnyororo ulikatwa kwa makusudi. Ikabaki maana, na maana akaishika kwa mikono miwili. Siwezi kumwambia kwamba ameshika kitu kidogo.

Nchi ninayoishi nayo pia inajua habari za kukata majina. Nikiwa kwenye simu, mtu akishindwa kuandika Asha, maana Wajerumani huandika Ascha, na Asche kwao ni majivu, inabidi nimtajie herufi kwa utaratibu wao wa majina ya watu: Anton, Siegfried, Heinrich, Anton. Wanaume wanne kwa jina la mtoto wa kike. Siegfried huyo alikuja mwaka 1934. Kabla yake S ilikuwa Samuel, lakini utawala wa Wanazi uliyaondoa majina ya Kiyahudi kwenye jedwali la kutajia herufi: akatoka Samuel, akatoka David, akatoka Nathan, akatoka Zacharias. Baada ya vita Samuel alirudishwa, ila midomo mingi ilishazoea Siegfried. Na jedwali lilikuwa mwanzo tu. Mwaka 1938 ilitolewa amri kwamba kila Myahudi ambaye jina lake halitambulishi Uyahudi wake aongezewe jina: wanawake wote Sara, wanaume wote Israel, kuanzia tarehe 1 Januari 1939. Sara, jina la bibi wa mabibi, likageuzwa chapa ya kuwatenga. Tangu nilipoyasoma hayo mimi nasema Samuel. Wa upande wa pili husita kidogo, kisha huandika.

Sisi pia tulikuwa na majina ya kuwashusha watu. Mwimbaji wetu mkubwa wa taarabu, aliyezaliwa Fumba, Unguja, kwenye miaka ya 1880, aliitwa na wazazi wake Mtumwa. Alikuja kuitwa Siti, na ni Siti binti Saad aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mtumwa akawa bibi mwenye cheo, na mji mzima ukaitikia. Nikiwasikia wazazi wenzangu hapa wakisema jina ni sauti tu, nawasimulia habari za Siti.

Na yupo mwingine, ambaye ni wa Hamburg kama mimi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa Aden mwaka 1867 akaitwa Emily, akaja kuishi mji huu kama Emily Ruete. Mume alikufa kwa ajali mwaka 1870, akabaki na watoto watatu wadogo katika lugha isiyo yake. Kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 zinasomwa hadi leo, na kaburi lake liko makaburi ya Ohlsdorf. Mimi navutwa zaidi na majina ya wale watoto. Kila mmoja alipewa la Kijerumani mbele na la kwao mama nyuma: Antonie Thawka, Rudolph Said, Rosalie Ghuza. Said lilikuwa la babu, sultani aliyekuwa ameshafariki mwaka 1856, miaka kumi na mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Wangeweza kuliacha likae kwenye karatasi kama lile la tatu la jirani yangu. Mtoto akakua, akalitoa nyuma akaliunganisha na la ukoo, akawa Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu cha maisha ya Said bin Sultan. Kaandika wasifu wa wajina wake. Hakuwahi kumwona, lakini alijua yeye ni wa nani.

Kwa hiyo tulipokuwa tunangoja mtoto, na marafiki wa Kitanzania walio Berlin na Bremen wakanitumia viungo vya tovuti zenye majina elfu na maana zake, nilisema na sasa naandika: pigeni simu nyumbani kwanza. Kama mtampenda Zuri au Imani, mchukueni, ni majina mazuri. Lakini muulizeni mzee jina gani halijarithiwa bado, ni nani aliyekufa bila wajina, ni shangazi gani anangoja na haombi. Mtoto atakayekulia hapa atakuwa na lugha, shule na marafiki wa hapa. Bibi wa Ngamiani hatakuwa naye kila siku. Jina ndilo litakalomfanya yule bibi apige simu bila kungoja sababu.

Mwaka huu darasani kwa Asha ameingia mtoto mwingine, Ayşe, ambaye familia yake inatoka Rize, kwenye Bahari Nyeusi. Naye kapewa jina la bibi yake mzaa baba, na bibi huyo ndiye anayemleta asubuhi. Nilimwambia mama mkwe wangu. Hakutaka kusikia habari za s yenye kijimkia. Alitaka kujua yule bibi ana watoto wangapi, miguu inamsumbua au haimsumbui, na kama anakunywa chai ya maziwa. Wiki chache baadaye mgeni wetu kutoka Tanga alileta doti ya kanga yenye maagizo: ikatwe, upande mmoja wa Asha, upande mmoja wa wajina wake Mturuki. Bi Ayşe aliipokea mlangoni pa chekechea, akaibusu akaiweka kwenye paji la uso, akaivaa kichwani pale pale. Jibu lake lilikuwa kilo ya chai ya Rize, na imeshafika Ngamiani kwa mkono wa shemeji. Mama, aliyekunywa chai ya Usambara maisha yake yote, anasema ina ukali wake, lakini ukiitia iliki inakwenda vizuri, na ameuliza Bi Ayşe anapenda korosho za kuchoma au za kupaka chumvi.